Bitana Nyeusi

Fundi alikuja saa nane mchana. Kwa wiki saba tulizojuana hakuwahi hata siku moja kuja kabla ya magharibi, kwa hiyo nilipoisikia sauti yake mlangoni nilidhani naota.

"Hodi humu ndani! Barafu, umelala?"

"Nimeamka," nikasema, nimejibana pembeni, mbali na ule uzi wa mwanga unaopita chini ya mlango. "Mbona mapema?"

"Mapazia yamekwisha. Nikae nayo dukani yanitazame? Usisumbuke, najifungulia."

Akaingia upesi, bunda la mapazia begani, akausukuma mlango kwa kisigino kabla jua halijapata hatua mbili ndani ya chumba. Nilimpenda kwa mambo mengi, lakini kwa kisigino kile nilimpenda zaidi. Nilikuwa nimemwambia nina ugonjwa wa ngozi, jua linaniumiza, na yeye hakuniuliza natibiwa wapi. Alisema pole, basi. Tangu siku hiyo kila mlango aliopita aliufunga.

Nyuma yake akaingia mjomba wake, seremala, amebeba ngazi.

"Shikamoo, mjomba," nikamwambia.

"Marahaba," akajibu bila kunitazama. Mimi nilikuwa mzee kabla babu wa babu yake hajaota meno, lakini uso wangu uligoma kwenye miaka thelathini na kitu, kwa hiyo wa kuamkia nikawa mimi.

"Ngazi hiyo," akamwambia mpwa wake. "Mimi nipo hapo uani. Ukiniita naingia. Hata ukiniita nusu, naingia."

"Kaa kivulini, mjomba. Utaungua."

"Mimi ndiye nitakayeungua?" Akacheka kicheko kifupi, kikavu, akatoka.

Kicheko kile sikukielewa. Mtu akipenda huwa mjinga, na umri haumsaidii.

Chumba changu kilikuwa kimoja, mlango wake unafunguka moja kwa moja uani. Kitanda, meza, stuli, na dirisha moja kubwa kupita kiasi linalotazama magharibi, kazi ya mjenzi fulani aliyependa hewa. Nyuma kulikuwa na choo kidogo kisicho na dirisha. Choo hicho sikukitumia kwa kazi ya choo. Kilikuwa maficho yangu siku za upepo, kitambaa cha dirishani kinapopepea. Lakini usiku uliopita, nikiwa kazini, mjomba alikuja kufunga reli mpya ya mapazia, kwa ufunguo niliomwachia Fundi, na niliporudi alfajiri nikakuta mlango wa choo umepigiliwa mbao mbili. Mezani palikuwa na karatasi, mwandiko wa Fundi: *Bawaba zimeoza, mjomba atakuja kuzibadilisha. Vumilia.* Kusoma nilijifunza vipande vipande, herufi mji huu, herufi mji ule, lakini lile "vumilia" nililisoma mara nne kwa raha.

Dirishani nilikuwa nimepigilia kitambaa cheusi. Miaka mitatu ya jua la jioni ilikuwa imekichosha. Kilikuwa kimeota vitundu vya kupita sindano, na kila kitundu kilinichoma shavuni au mkononi, alama kama ya njiti ya kiberiti. Ndiyo maana nikamwita fundi wa mapazia. Mjini pale alikuwa mmoja tu.

Niseme wazi nilivyo, tusipotezane. Mimi naishi kwa damu. Kuna wanaotuita wanyonya damu, kuna wanaotuita mumiani, na kuna wanaosema mabaya zaidi, na wote wana haki. Nilifanya kazi kwenye ghala la baridi la nyama, zamu ya usiku, mahali ambapo mikono ya kila mtu ni baridi na hakuna anayeshangaa yako. Nilikunywa kile kilichodondoka kwenye ndoo chini ya nyama zilizoning'inia. Ladha yake ni kama kulamba mlango wa chuma. Lakini miaka mitatu ilikuwa imepita sijamgusa mtu. Wenzangu waliniita Barafu, na nilipoanza kuchana nywele kabla ya kazi, walijua.

"Barafu anayeyuka jamani!" mbeba nyama mmoja alikuwa hachoki kupiga kelele. "Dirisha moja, kupimwa mara saba! Huyo fundi futi yake ni ya mpira?"

Ni kweli alikuja mara saba. Mara ya kwanza alipima dirisha. Zile sita zilizofuata alikaa kwenye stuli, futi shingoni, mimi nikakaa kitandani, tukazungumza mpaka saa yangu ya kazi ikafika. Alikuwa na macho ya mtu anayelinganisha vitu. Akikutazama unahisi kama anakuondoa kwenye ukuta na kukuweka penye mwanga aone rangi yako halisi. Mimi, ambaye nimekimbia macho ya watu mji baada ya mji, nilikaa nikayaacha yanitazame.

Mama yake hakunitaka. Nilipelekwa kwake jioni moja. Akaniwekea chai, ikapoa.

"Hunywi?" akauliza.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba chai?" Alinitazama mdomo, si macho. Halafu akamgeukia binti yake kama mimi sipo. "Mwanangu, huyu mtu hana jasho. Mimi nimezika mume, nimezika mwana. Usiniletee mtu ambaye hata joto halimpati."

"Mama, ni mgonjwa wa ngozi."

"Ngozi! Ngozi hainywi chai?"

Tulicheka njia nzima ya kurudi, mimi na Fundi. Na siku ile ya mapazia nilikuwa nimeamua kumweleza kila kitu. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yangu ghalani, nikiziambia nyama, na nyama hazikukataa.

Basi akapanda ngazi. Alikuwa na subana kidoleni na pini tatu mdomoni, kwa hiyo mazungumzo yetu ya mwanzo yalikuwa "mh" na "mh-mh". Nikampa pete moja moja, akazivika kwenye reli. Mapazia mawili mazito, rangi ya kahawa iliyokolea, bitana mara mbili kwa nyuma, pindo limeshonwa kwa mkono. Reli mpya ilikuwa imekuja ndani ya chumba kama urefu wa kiganja, ili ayatundike mapya kwanza, ndipo aingie kwa nyuma aondoe kitambaa cha zamani. Aliyafunga, akaingia katikati ya pazia na dirisha, nikasikia misumari ikitoka na kitambaa kikianguka. Jua zima la saa nane lilikuwa upande ule, yeye amesimama ndani yake, na upande wangu haukupita hata unyoya wa mwanga. Ilibidi niwashe taa.

"Fundi," nikasema kwenye giza la kitambaa, "mikono yako ibarikiwe."

Akatoka nyuma ya pazia, kitambaa cha zamani amekikunja vizuri mkononi, pembe juu ya pembe. Akapanda ngazi daraja mbili, akaketi, akaishika kamba ya kuvutia mapazia. Akaizungusha kiganjani. Mara moja. Mara ya pili.

"Kaa kwenye stuli," akasema.

"Nina jambo nataka kukuambia."

"Kaa kwanza, Barafu."

Nikakaa.

"Kamba hii ukiivuta mara moja, mapazia yote mawili yanafunguka mpaka mwisho. Hayakwami. Mjomba amepaka nta kwenye reli."

"Kazi nzuri."

"Choo kimepigiliwa mbao. Mlango wa nje unatokea kwenye jua. Unanielewa?"

Nilimtazama usoni. Yale macho ya kulinganisha vitu yalikuwa yamemaliza kulinganisha.

"Nakuelewa," nikasema.

"Hiki kitambaa ulikipata wapi?"

"Nilinunua. Safarini."

"Usinidanganye." Hakupandisha sauti. Akakifunua ukingo, akauweka karibu na taa. "Umeona huu uzi mwekundu pembeni? Bitana nyeusi zote za kiwanda kile zina uzi wa bluu. Mimi niliwaandikia barua, nikawaomba waniwekee mwekundu, kwa sababu nilitaka wateja wangu waijue kazi yangu hata kwa nyuma. Wakacheka, wakanitengenezea jora moja. Moja tu, Barafu. Kaka yangu alikwenda na lori kunichukulia. Kaka akarudi amelala kwenye kiti cha mbele cha lori lake, mweupe kama karatasi, amefunikwa koti. Jora halikurudi."

Nimeishi muda mrefu kwa kutupa vitu. Majina nimetupa, nguo, vitanda, hata lugha moja mbili. Kitambaa kile sikukitupa kwa sababu kilikuwa kizuri. Nilikitundika dirishani, kilipochakaa nikamwita fundi aje akitazame, na fundi akawa ndiye mwenye kitambaa.

"Ulikijua lini?" nikauliza.

"Siku ya kwanza. Niliponyanyua ukingo nipime."

"Siku ya kwanza! Na mara zile sita?"

"Ya pili nilikuja kuhakikisha. Mama ndiye aliyemvalisha kaka, aliona alama mbili shingoni. Mjomba akasema ni mumiani, tukamcheka. Nikaja nikutazame unavyokaa. Hukunywa maji. Hukutoka jasho. Unakumbuka nilivyojichoma sindano?"

Ningesahauje. Tone moja, kwenye kidole cha shahada. Niligeukia ukutani, nikaung'ang'ania ukuta mpaka rangi ikaingia kwenye kucha, nikamwomba afunge kidole. Yeye akafunga, akasema pole, kwamba hakujua kama damu inanitia kizunguzungu.

"Nilijichoma kusudi," akasema. "Nilikuwa na mkasi kwenye mkoba. Ungeniruka, ningekuchoma nao jicho, nikamwita mjomba, ingekwisha siku ile ile. Nilitaka uniruke. Nikaomba uniruke! Ukageukia ukuta."

"Fundi..."

"Nyamaza. Ya tatu nilikuja kupima mahali pa kuweka reli. Ya nne..." Akaizungusha tena kamba kiganjani. "Ya nne sikuwa na sababu. Nilioga, nikavaa, nikaja. Ya tano vilevile. Unajua nilikuwa nashona haya mapazia usiku, nashona na kufumua, nashona na kufumua, mama anauliza pazia gani haliishi?"

"Tayari?" sauti ya mjomba ikapenya kutoka nje.

"Bado, mjomba!"

"Kigingi ninacho hapa!"

"Kaa nacho!"

Tukatazamana. Mdomo wake ukacheza kidogo.

"Amekichonga siku tatu," akasema kwa sauti ya chini. "Amekipiga randa, akakipiga msasa, akakipaka vanishi. Nikamwambia, mjomba, kigingi cha kuulia mtu kinapakwa vanishi ya nini? Akasema hawezi kutoa kazi mbichi dukani kwake."

Nikacheka, haikuzuilika. Naye akacheka, mkono mmoja mdomoni, kamba imezungushwa mkono wa pili. Tukacheka kama siku ile ya chai ya mama. Halafu kicheko kikamgeuka kikawa kitu kingine, akajifuta macho kwa ile bitana.

"Niambie alivyokufa," akasema. "Yote. Ukiruka neno moja nitajua."

"Itakuumiza."

"Na hii miaka mitatu nimekuwa nikicheza ngoma?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimetembea siku kumi na moja sijapata kitu. Mvua ilikuwa kubwa. Malori mengi yalipita, la kwake likasimama. Alifungua mlango akasema, ingia ndugu yangu, utakufa na baridi. Akanivulia koti lake.

"Koti la kijivu," akasema Fundi.

"La kijivu. Lilikosa kifungo kimoja."

"Nilikuwa nimemwambia alilete nimshonee. Endelea."

"Alikuwa anaongea. Alipenda kuongea."

"Alikuwa hanyamazi huyo, tangu mtoto."

"Alisema ana jora nyuma ya kiti, la dada yake. Akasema dada yangu ana amri kuliko polisi. Angeniambia bitana ipo mwezini, ningeuliza tu barabara ya kwenda."

Fundi akafumba macho. Nikanyamaza.

"Nani kakuambia unyamaze?"

"Nilitaka kuonja tu. Nikasema moyoni, kidogo, halafu nishuke. Nikamwomba asimame kando. Akasimama, alidhani nataka kutapika. Sikuweza kuacha, Fundi. Nilijua yeye ni nani, nilijua amenivulia koti, na sikuacha. Kulipokaribia kucha ndipo nikaona nilichofanya. Nikamfunika koti lake. Jua likawa linakuja, sina pa kwenda. Nikajifunga lile jora mwili mzima, nikalala mtaroni mpaka giza lilipoingia. Lori lilikuwa limeelekea mji huu. Nikaja huku kwa miguu. Sikujua kwa nini. Labda nilitaka kufika alikokuwa anakwenda."

"Alisema neno lolote?"

Hapo ningeweza kumdanganya. Nimewadanganya watu kwa mambo madogo kuliko hilo.

"Alisema, kaka, kuna mtu ananisubiri."

Nje, mjomba alikuwa anapiga kitu kwa kigingi chake, polepole, kama mtu anayesubiri zamu kwenye foleni.

"Mimi nilimtuma," Fundi akasema. "Alitaka kwenda wiki iliyofuata. Nilimwambia mteja ananibana. Hakukuwa na mteja yeyote. Nilikuwa tu nimechoka kusubiri kitambaa changu chenye uzi mwekundu."

"Hukumuua wewe."

"Usinifariji!" Safari hii alipandisha sauti. "Wewe, kati ya watu wote duniani! Unajua kinachoniuma? Siku niliyohisi nakupenda, mtu niliyetaka kumwambia ni kaka. Yeye ndiye angenitania. Yeye ndiye angekwenda kwa mama kukutetea, amwambie, mama, mwache dada, hata kama ana ngozi mbovu. Nikakaa kitandani nikasema, nani nimwambie? Hakuna. Umemla."

Kuna maneno yanaingia mwilini kabla ya masikio.

"Vuta," nikamwambia.

"Nini?"

"Vuta kamba. Umekuja kwa hilo. Mimi nimezunguka muda mrefu mno, Fundi. Nimeona watu wakizaliwa na kuzikwa mpaka nikaacha kuuliza majina. Hizi wiki saba ndizo nilizoishi. Leo nilitaka kukueleza nilivyo, nikuombe unipokee hivyo hivyo. Sasa hilo haliwezekani. Basi vuta. Sitapiga kelele."

Akavuta.

Alivuta kidogo tu, kama shibiri moja. Kipande cha jua kikaanguka ndani, kikapita sakafuni, kikaja kulala juu ya mguu wangu wa kushoto. Sijui nikuelezeje. Si kama moto. Moto una mahali unapoanzia. Nilisikia ngozi ikijikunja, nikaona moshi ukipanda, na harufu ikajaa chumba. Nikashika kingo za stuli. Mguu sikuuondoa.

Nilimtazama yeye. Jua lilikuwa limempata upande mmoja wa uso, shavu, jicho, nywele zilizotoka kwenye kitambaa chake cha kichwani. Mchana sikuwahi kumwona. Kwenye taa nilikuwa nadhani macho yake ni meusi. Kumbe yana rangi ya kahawia, na ndani ya kahawia kuna vijichembe vya njano.

"Ondoa mguu," akasema.

"Niuondoe niende wapi?"

"Ondoa mguu wako, Barafu!"

Sikuondoa. Akairudisha kamba kwa nguvu, mapazia yakafungana, giza likarudi na ile taa yake ndogo. Alikuwa anatetemeka mpaka ngazi ikawa inalia.

"Unataka kufa," akasema polepole, kama mtu anayesoma maandishi mabaya. "Wewe unataka kufa kabisa."

"Kwa mkono wako, ndiyo."

"Kwa hiyo nimeshona wiki saba, nimejitoboa vidole, nimemdanganya mama, ili nikuletee zawadi!"

Alishuka kwenye ngazi. Alitembea mpaka kitandani, akarudi, akasimama mbele yangu. Mimi nilikuwa siwezi kusimama.

"Nisikilize," akasema. "Sikuui. Nakupenda, mkono haukubali, nimeujaribu mbele yako umeona. Na sikusamehe. Yeye hayupo kunipa ruhusa, na bila yeye sina wa kumwomba. Umeelewa? Utaishi. Utaondoka mji huu leo jua likizama, usirudi. Usinitafute. Usiniandikie na hizo herufi zako za kuokota. Usimguse mtu. Na jua usilifuate kwa makusudi, hata uchoke vipi. Utakaa na hiki ulichokifanya siku zote ulizo nazo. Mimi nitakufa nikiwa na miaka sabini, themanini. Wewe hesabu yako sijui inaishia wapi. Huko kote ukakae nacho."

"Usinifanyie hivyo," nikasema. Nilimwomba. Sijawahi kumwomba mtu kitu kama nilivyomwomba pale, nimekaa kwenye stuli, mguu unafuka. "Nihukumu lingine lolote. Vuta tu hiyo kamba."

"Uape."

"Fundi."

"Uape kwa yule aliyekutoa kwenye mvua."

Alijua. Hapakuwa na kingine ambacho kingenishika. Nikaapa. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto anayelazimishwa kuomba radhi.

Akaniwekea kiganja shavuni. Kwa wiki saba hatukuwa tumegusana hata kwa bahati mbaya. Mimi niliogopa atausikia ubaridi wangu, yeye aliogopa alichoogopa. Kiganja kilikuwa na joto, na kwenye ncha za vidole kulikuwa na sugu za sindano. Nikafumba macho nisije nikaona kinapoondoka.

Kikaondoka.

"Barafu kweli," akanong'ona.

Nikasikia akiikusanya ile bitana, akiifunga kwenye kanga. Akavuta pumzi ndefu mbili tatu, kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo. Akafungua mlango mwembamba tu, akapita ubavu, akaufunga kwa kisigino.

Nikajivuta kwa mikono mpaka dirishani, nikaketi chini ya pazia. Walikuwa upande wa pili wa ukuta.

"Usiingie, mjomba," alikuwa anasema.

"Ameisha?"

"Ameisha."

"Mbona sikusikia kelele?"

"Hakupiga kelele."

"Lakini harufu nimeisikia, haki ya Mungu. Nimeisikia mpaka hapa." Mjomba akashusha pumzi. Ujasiri wake wote ulitoka na pumzi ile, sauti ikawa ya mzee tu. "Nikatazame?"

"Hakuna cha kutazama. Majivu. Nitakuja kufagia mwenyewe kesho. Usimlete mtu yeyote humu leo, mjomba. Niahidi."

"Mimi niingie humo kufanya nini? Nakuahidi. Na hiki kigingi je?"

"Kafanyie mguu wa meza."

"Haya. Haya, mwanangu. Twende tukamwambie mama yako. Leo atalala usingizi. Miaka mitatu dada yangu hajalala. Umemlipizia kisasi kaka yako, unasikia? Umefanya ambalo sisi wanaume tumeshindwa."

Hapo ndipo akaanza kulia. Hakulia kwa kwikwi za kike za kwenye hadithi. Alilia kwa sauti nzito, ya tumboni, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba sasa hivi mlangoni.

"Lia," mjomba akamwambia kwa upole. "Lia, usione aibu. Furaha nayo hutoka hivyo hivyo."

Wakaondoka. Mjomba alikuwa anaburuta miguu, yeye sikusikia hatua zake, nilisikia kulia kwake tu, uani, kwenye lango, barabarani, kukipungua nyumba kwa nyumba. Niliinua mkono nikaligusa pazia. Jua la upande wa pili lilikuwa limeipasha bitana joto, joto lile lile la kiganja cha mtu. Nikaacha mkono pale. Jioni ilipofika kitambaa kikaanza kupoa, polepole, kuanzia chini, na mimi nikawa nausogeza mkono juu, na juu tena, nikifuata pale palipobaki na uvuguvugu, mpaka mkono ukafika mwisho.